Njoo Kesho: Kudai Mafao Bila Kuugua

Kabla mlinzi hajafungua geti, wazee huwa wameshapanga foleni nje ya ofisi ya mafao. Kila mmoja ana bahasha ya kaki kwapani. Ndani mna barua ya kuajiriwa iliyopigwa kwa taipureta, hati za mshahara zilizofifia wino, nakala ya kitambulisho cha NIDA na picha mbili ndogo zilizobanwa kwa pini. Saa nne zamu inafika, na jibu la dirishani huwa fupi: "Mzee wangu, mtandao unasumbua leo. Njoo kesho."

Kesho hiyo ndiyo inayoumiza. Nauli imekwenda, jua limechoma, na nyumbani kuna watu wanaosubiri kuuliza, "Vipi, wamesemaje?" Usiku usingizi hauji. Watu wa mtaani wana neno lao kwa hali hii: kuzungushwa. Na kweli, anayezungushwa mwishowe hupata kizunguzungu. Presha iliyokuwa imetulia inapanda, hamu ya kula inapungua, na mzee aliyekuwa mpole anaanza kumfokea mjukuu kwa sababu ya kikombe cha chai.

Pamela Herd na Donald Moynihan, wataalamu wa utawala wa umma nchini Marekani, walichapisha mwaka 2018 kitabu kizima kuhusu mizigo ambayo ofisi za serikali humtwisha raia anayefuata haki yake. Waliigawa mara tatu. Upo mzigo wa kujua: ni fao gani, nani anastahili, fomu ipi. Upo mzigo wa kutimiza: nakala, mihuri, safari, foleni. Na upo mzigo wa moyo: aibu, wasiwasi, hisia ya kudharauliwa. Mstaafu wa Tandahimba au Kwimba hahitaji kusoma kitabu hicho ili aielewe mizigo hiyo, maana ameibeba yote kwa siku moja. Ila kuigawa kunasaidia, kwa sababu kila mzigo una dawa yake.

Kwanza iondolewe lawama moja. Mdai anayefika dirishani na kugundua kuwa ameacha nyumbani karatasi aliyoambiwa mara mbili ailete hujiona mzembe, au huambiwa kuwa uzee umemwingia. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Wakulima hao walipimwa uwezo wa kufikiri mara mbili: kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, na baada ya mavuno, wakiwa wameshalipwa. Watu walikuwa wale wale, lakini kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Akili iliyojaa hesabu za deni, unga na karo haina nafasi ya kutosha kwa jambo jingine. Anayesubiri mafao yuko kabla ya mavuno, na kusahau kwake si uzembe.

Kwa hiyo kumbukumbu isiachiwe kichwa peke yake. Daftari moja la kurasa mia mbili, lenye jalada gumu, linafaa kuliko simu inayoweza kuzima au kupotea. Kila safari ya ofisini iandikwe: tarehe, ofisi, jina la afisa aliyemhudumia, alichosema, na siku ya kurudi. Karatasi halisi zikae kwenye jalada la plastiki nyumbani. Ofisini ziende nakala, na halisi zitoke siku zinapotakiwa kwa ulinganisho tu. Jambo hili linaonekana dogo. Lakini mtu mwenye daftari akiambiwa "hukuleta barua hiyo", habishani kwa sauti. Anafungua ukurasa na kusoma tarehe aliyoileta na aliyeipokea.

Mzigo wa kujua ndio unaotisha zaidi gizani, na mfano wake mkubwa Tanzania ni kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa watumishi wa umma, huku NSSF ikibaki na sekta binafsi. Kanuni zilizofuata zikaweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25 kwa wote, hata kwa waliozoea kutarajia asilimia 50. Maofisini na kwenye vijiwe watu hawakuzungumza kingine. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza kanuni za zamani ziendelee kutumika hadi 2023. Kanuni mpya ya asilimia 33 ikaanza Julai 2022, na katika bajeti ya mwaka 2024 serikali ikapandisha kiwango hadi asilimia 40 kwa kundi lililoshushwa kutoka 50, na 35 kwa kundi lililokuwa 25. Katika miaka hiyo sita, watumishi wengi waliugua kwa namba walizozisikia kwenye daladala.

Hesabu yenyewe inaweza kufanywa mezani kwa kalamu. Tuchukue mwalimu aliyechangia miezi 360, mwenye wastani wa mshahara wa shilingi milioni moja kwa mwezi katika miaka yake mitatu ya mshahara mkubwa. Wastani wake wa mwaka ni milioni 12. Miezi yake igawanywe kwa 580, kisha jibu lizidishwe kwa milioni 12: inapatikana pensheni ya mwaka ya takriban milioni 7.45. Akiwa katika kundi la asilimia 40, sehemu hiyo huzidishwa kwa 12.5, na mkupuo unakuja kama milioni 37.2. Asilimia 60 iliyobaki ikigawanywa kwa miezi 12, anapata kama shilingi 372,000 kila mwezi. Takwimu ya mwisho hutolewa na mfuko. Hata hivyo, mwalimu aliyekwisha kuikaribia kwa kalamu yake hawezi kutishwa na uvumi wala kudanganywa na kishoka, yule dalali wa mitaani. Pia hatawaahidi watoto nyumba mbili kutokana na fedha za nyumba moja.

Wapo pia wasiojua kwamba wana haki yoyote. Kijana aliyeachishwa kazi kiwandani huondoka akidhani michango yake imelala hadi afikishe miaka 55. Kumbe lipo fao la kukosa ajira, ambalo kwa aliyechangia angalau miezi 18 hulipa theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa masharti yake. Zanzibar, tangu Aprili 2016, mzee aliyetimiza miaka 70 hupata Pensheni Jamii hata kama hakuwahi kuajiriwa. Kenya, mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 za nchi hiyo kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa kaya zinazolea yatima na kwa wenye ulemavu mkubwa. Swali la kwanza dirishani lisiwe "fedha zangu zimefika?" tu. Liwe pia "kuna fao jingine ninalostahili?"

Mzigo wa kutimiza, kwa sehemu kubwa, ni mzigo wa majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwajuma, barua ya ajira inasema Mwanajuma, kitambulisho cha NIDA kimeongeza jina la babu, na benki imeandika herufi ya kwanza tu. Kila tofauti ni safari. Dawa ni kuketi siku moja na karatasi zote mezani, kuzilinganisha neno kwa neno, na kuandika orodha ya tofauti zilizopo. Kisha mfuko uulizwe mara moja kwa zote: ipi inahitaji hati ya kiapo, ipi inahitaji kurekebishwa NIDA, ipi haina shida. Wengi hurekebisha kosa moja, wakapanga foleni, wakaambiwa kosa la pili, wakarudi tena. Hasira ya wiki sita inatokana na orodha ambayo haikuandikwa.

Anayepata msongo wa mawazo mara nyingi ni yule aliyegeuza mafao kuwa maisha yake yote. Anaamka nayo, anakula nayo, na kila simu ikiita anadhani ni benki. Hatua yenye nafuu kubwa kuliko zote ni kuyafanya mafao kuwa kazi yenye siku na saa. Siku moja katika wiki, mathalani Jumanne, iwe ya mafao: simu, barua, safari ya ofisini, kupanga jalada. Siku nyingine jalada lifungwe. Akiulizwa Alhamisi, jibu liwe tayari: "Hilo tutalizungumza Jumanne." Mfuko haulipi haraka kwa sababu mtu amekesha akiufikiria. Kwa PSSSF, kipimo kinachotajwa ni siku 60. Ndani ya muda huo kufika kila asubuhi kunamaliza nauli tu, na baada ya muda huo kinachotakiwa ni barua.

Siku ya safari nayo ina maandalizi yake. Mwenye presha au kisukari ameze dawa kama kawaida, anywe uji kabla ya kutoka na abebe maji, kwa kuwa foleni haijali sukari iliyoshuka. Aende na mtu, mtoto, mpwa au jirani mwenye subira, ambaye atasikiliza wakati mdai anazungumza. Mtu aliyekasirika husikia nusu ya anachoambiwa, na mwenzake hubeba nusu nyingine. Mambo mengine hayahitaji safari kabisa. PSSSF ina mfumo wa simu uitwao PSSSF Kiganjani, na uhakiki wa wastaafu unaweza kufanywa humo. Kwa mzee asiye na simu janja, dakika kumi za mjukuu zinaokoa siku nzima ya basi.

Dirishani penyewe pana adabu inayosaidia. Salamu kwanza, hata kama moyo unachemka. Afisa aliyekaa upande wa pili huenda ndiye mtu wa themanini kufokewa asubuhi hiyo, na mara nyingi si yeye aliyepoteza faili. Lakini adabu si unyonge. Kabla ya kuondoka mdai aulize maswali matatu na kuandika majibu mbele ya afisa: "Mwanangu, faili langu sasa liko hatua gani? Nini hasa kinakosekana? Nirudi lini, na nimuulize nani?" Majibu ya maswali hayo yanaigeuza "njoo kesho" kuwa tarehe yenye jina la mtu.

Likija jibu la kuudhi, mwili hutangulia akili. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, maneno yanataka kutoka yote kwa pamoja. Hapo afadhali kuomba dakika tano, kutoka nje, kukaa kivulini na kupumua taratibu, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia. Mapigo ya moyo hupungua mtu anapotoa pumzi, ndiyo maana jambo hili rahisi hufanya kazi. Anayeswali anaijua nafuu hiyo, na mwenye tasbihi au rozari vidoleni anaijua pia. Baada ya hapo arudi dirishani na daftari lake.

Nje ya ofisi anasubiri kishoka. Amevaa shati safi, anajua majina ya maafisa, na anasema faili linaweza "kusukumwa" kwa kitu kidogo. Wengine hawaji hata getini: wanapiga simu, wanajiita watu wa mfuko, wanataka namba ya siri ili "wathibitishe malipo". Mfuko hauhitaji namba ya siri ya mtu ili umlipe. Anayepigiwa simu hiyo akate, kisha siku yake ya mafao aulize ofisini. Kishoka huuza kitu kimoja tu, yaani kuondokewa na wasiwasi, na ndiyo maana huwapata waliochoka.

Hatari nyingine ina jina linaloeleza kila kitu: kausha damu. Mikopo hiyo midogo ya riba kubwa, ya marejesho ya kila siku au kila wiki, huchukuliwa kwa matumaini kwamba mafao yatatoka mwisho wa mwezi. Mwezi unapita, riba inakua, na sasa mtu ana foleni mbili: moja anadai, nyingine anadaiwa. Hata kwa mlengwa wa ruzuku ya kaya maskini ya TASAF au wa Inua Jamii, ambako malipo yamewahi kuchelewa mara kwa mara, kanuni ni ile ile. Fedha isiyo mkononi isitumike. Mwenye duka akiambiwa ukweli mapema, huwa mwepesi wa kusubiri kuliko mkopeshaji wa kausha damu. Karo ya shule pia huweza kupangwa kwa awamu iwapo mzazi atamwendea mwalimu mkuu kabla mtoto hajarudishwa nyumbani.

Nyumbani ndiko siri huzaa maradhi. Wanaume wengi waliostaafu huficha kwamba mafao yamekwama, wanaaga asubuhi kana kwamba wanaenda mahali, na wanarudi jioni na majibu ya kubuni. Mke anaanza kushuku kuwa fedha zimetoka na zimekwenda kwingine. Watoto wanapiga simu kuulizia kiinua mgongo kana kwamba ni cha ukoo mzima. Kikao kimoja cha familia, daftari likiwa mezani, kinamaliza minong'ono: tulipofika ni hapa, kinachokosekana ni hiki, makadirio ni haya, na hakuna ahadi yoyote kabla ya fedha kuingia benki.

Wajane hubeba mzigo wa ziada. Mwanachama akifariki, familia hutakiwa kuthibitisha warithi, na safari inaweza kuanzia kwenye kikao cha ukoo na Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya usimamizi wa mirathi. Mama aliye kwenye msiba anajikuta akieleza kifo cha mumewe kwa makarani watano. Afadhali nduguye amsindikize kila hatua, na mama mwenyewe apewe nakala kadhaa za cheti cha kifo zilizothibitishwa tangu mwanzo, ili asirudie kuomba karatasi ile ile inayomliza.

Historia ya Afrika Mashariki inaonyesha pia kuwa madai marefu hubebwa na watu wengi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977. Wafanyakazi wake wa reli, bandari, posta na ndege wakabaki wakidai. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini 1984, kesi ya wastaafu wa Tanzania ikafunguliwa Mahakama Kuu mwaka 2003, na makubaliano yakafikiwa 2005. Hata baada ya hapo wapo walioendelea kudai mapunjo. Kenya nako walimu waliostaafu kati ya 1997 na 2007 walishinda kesi yao Nakuru mwaka 2008, lakini fedha zikachelewa miaka mingi na baadhi yao wakafariki wakisubiri. Hakuna mzee mmoja ambaye angeweza kubeba kesi za miaka mingi hivyo peke yake. Walipokaa pamoja walipata wakili na habari, na walipata pia mtu wa kumwambia "hata mimi sijalala jana" bila kuchekwa.

Kukaa pamoja huko kuna ushahidi wa kitabibu. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa Friendship Bench, ambapo bibi waliopewa mafunzo hukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mwenye msongo. Humsaidia kutaja matatizo yake yote, kuchagua moja, na kupanga hatua ndogo ya wiki hiyo. Utafiti uliofanywa Harare na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliopitia benchi hilo walipungukiwa na dalili za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Mahali ambako benchi hilo halipo, kikundi cha wastaafu chini ya mwembe kinaweza kufuata mtiririko ule ule: taja yote, chagua moja, panga hatua moja.

Subira ikifika mwisho wake, hatua inayofuata ni karatasi. Mdai aandike barua fupi yenye jina, namba ya uanachama, tarehe za safari zake kutoka kwenye daftari, na ombi moja lililo wazi. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu likikosekana, Tanzania ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na wapo watoa msaada wa kisheria bila malipo wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Kwa Kenya, sheria ya mwaka 2015 kuhusu haki katika maamuzi ya kiutawala inampa raia haki ya kuomba sababu kwa maandishi. Barua ina faida ya pili: kilichokuwa kinazunguka kifuani kimehamia kwenye karatasi, na sasa zamu ya kujibu ni ya ofisi.

Kuna wakati ushauri wa namna hii hautoshi. Mtu akikosa usingizi au hamu ya maisha kwa wiki mbili mfululizo, akianza kunywa pombe ili alale, akijitenga, au akisema afadhali afe, huyo si wa kuambiwa "jikaze". Apelekwe kituo cha afya, na akizungumzia kujidhuru asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Hospitali za mikoa, Muhimbili na Mirembe zina wataalamu wa afya ya akili, na sonona hutibika kama presha inavyotibika. Faili litasubiri, daftari linaonyesha lilipoishia.

Walio kazini bado wana nafasi ambayo wazee wa kwenye foleni hawana tena. Mtumishi aliyezaliwa mwaka 1970 atatimiza miaka 60 mwaka 2030, na anahitaji miezi 180 ya michango iliyoandikwa sawasawa. Aombe taarifa ya michango yake mwezi huu, alinganishe jina lake kwenye karatasi zote, na aonane na ofisa utumishi angali anapokea mshahara.